Sura ya 9: Uniti, Pampu ya Joto na Kundi la Bei ya Umeme

Kabla ya sura hii hakikisha unakumbuka mambo manne: nguvu, nishati, joto mahususi na asilimia.

Mtihani utakuuliza kwa Kiingereza. Hapa tunaelewana kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu swali la gharama ya umeme haliwashindi wanafunzi kwa ugumu wa hesabu. Linawashinda kwa kuwa hawajajua ni kitu gani hasa kinauzwa. Soma ukiwa na kalamu, karatasi na, ukiweza, ujumbe mmoja wa LUKU wa nyumbani kwenu. Kama kwenu umeme haujafika, omba ujumbe wa jirani. Hesabu ni ile ile.

Kinachouzwa

Unaponunua LUKU hununui nguvu, wala hununui mkondo. Unanunua nishati. Nishati ni nguvu ya kifaa mara muda kilipofanya kazi. Ukiweka nguvu katika kilowati na muda katika saa, jibu linakuja katika kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja. Katika jouli, uniti moja ni wati 1,000 mara sekunde 3,600, yaani jouli 3,600,000. Namba hiyo ikae kichwani, tutaihitaji baadaye.

Balbu ya wati 10 ikiwaka saa 5 kila siku inatumia kilowati 0.01 × 5 = uniti 0.05 kwa siku. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula uniti 0.5. Kwa hiyo kunyoosha sare kwa nusu saa ni sawa na kuwasha balbu hiyo kwa siku kumi. Mzazi anayekugombeza kwa kuacha taa ya sebuleni ikiwaka ana haki yake, lakini asiisahau pasi.

Kosa linaloliwa alama kuliko yote ni kusahau kubadili wati kuwa kilowati. Ukipata kwamba balbu imekula uniti 50 kwa siku, usiendelee mbele. Rudi ugawe kwa 1,000.

Pampu ya joto, kifaa ambacho tayari unacho

Jina linaonekana geni, ila kama nyumbani kwenu kuna friji, basi mna pampu ya joto. Weka kiganja nyuma ya friji inayofanya kazi. Pana joto. Joto hilo limetoka wapi? Sehemu yake limetoka ndani ya friji, kwenye maji, nyama na mboga mlizoweka. Sehemu nyingine ni umeme uliotumiwa na kompresa.

Kazi ya kompresa ni kuibana gesi. Gesi ikibanwa inapata joto, inapita kwenye mabomba ya nyuma, inalitoa joto lake hewani na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapita kwenye tundu jembamba, shinikizo linashuka, kinageuka tena gesi na kupoa sana. Kikiwa baridi hivyo kinapita ndani ya friji na kufyonza joto la vitu vilivyomo. Kisha kinarudi kwenye kompresa, na safari inaanza upya. Kwa kawaida joto huenda lenyewe kutoka penye joto kwenda penye baridi, kama maji yanavyoteremka kutoka milima ya Umatengo kwenda ziwani. Kulipeleka kinyume unahitaji pampu, na pampu inahitaji nishati.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: joto linalotolewa nyuma ni sawa na joto lililofyonzwa ndani kujumlisha nishati ya umeme. Hapa ndipo linapojibika lile swali maarufu, kwamba ukiacha mlango wa friji wazi katika chumba kilichofungwa, chumba kitapoa? Hakitapoa. Friji inafyonza joto la chumba kwa mbele na kulirudisha chumbani kwa nyuma, pamoja na nyongeza ya umeme. Chumba kitazidi joto.

Sasa geuza matumizi. Badala ya kutaka ubaridi wa ndani, chukua lile joto la nyuma na ulipeleke kwenye tangi la maji ya kuogea. Hiyo ndiyo pampu ya joto ya kuchemshia maji. Inafyonza joto kutoka hewa ya nje na kulisukuma kwenye maji. Tuseme inatumia uniti 1 ya umeme na kufyonza hewani joto la uniti 2. Maji yanapokea uniti 3. Uwiano wa joto kwa umeme ni 3. Koili ya kuchemshia maji, ile mnayoitumbukiza kwenye ndoo, uwiano wake hauwezi kuzidi 1, kwani inageuza umeme kuwa joto bila kukopa chochote hewani.

Je, pampu imetengeneza nishati kutoka hewa tupu? La. Uniti 2 zilikuwapo tayari hewani kama joto. Pampu imezihamisha tu. Mwanafunzi akiandika kwamba ufanisi wa pampu ni asilimia 300 na kuishia hapo, mtahini ana haki ya kumuuliza imekuwaje kanuni ya uhifadhi wa nishati ikavunjika. Andika neno “inahamisha”, nawe utakuwa salama.

Uwiano huo hautulii. Kadiri tofauti ya halijoto kati ya upande wa baridi na upande wa moto inavyokuwa kubwa, ndivyo pampu inavyopata taabu na uwiano unavyoshuka, sawa na mtu anayepandisha ndoo ya maji: kilima kirefu kinadai jasho zaidi.

Friji ile ile, Mbinga na Mbamba Bay

Chukua friji mbili za aina moja. Moja iwe Mbinga mjini, mwezi wa Julai, katika chumba chenye nyuzi 18. Nyingine iwe Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika chumba chenye nyuzi 30 mwezi wa Novemba. Zote zinatakiwa kubaki na nyuzi 4 ndani. Tofauti ya halijoto Mbinga ni 14, na Mbamba Bay ni 26.

Joto linalopenya kwenye kuta za friji linalingana na tofauti hiyo. 26 ÷ 14 ni kama 1.86. Kwa hiyo friji ya ziwani inaingiliwa na joto karibu mara mbili ya ile ya milimani, hata mlango usipofunguliwa. Kama ile ya Mbinga inatumia uniti 0.8 kwa siku, ya Mbamba Bay itatumia angalau 0.8 × 1.86, karibu uniti 1.49. Kwa siku 30 ni uniti 24 kwa moja na kama 45 kwa nyingine. Nimesema “angalau” kwa sababu uwiano nao umeshuka: friji ya ziwani ina joto jingi zaidi la kutoa, na kila kipimo cha joto inakitoa kwa umeme mwingi zaidi.

Ukihamia ziwani na friji yako, usishangae mita ikikimbia, wala usikimbilie kusema imeharibika. Isogeze friji mbali na ukuta ili mabomba ya nyuma yapate hewa, usiiweke karibu na jiko la mkaa, wala usiingize sufuria la ugali linalofuka moshi.

Wa milimani wana shida ya upande wa pili: maji ya kuoga. Lakini kabla hatujayachemsha, tujue bei.

Makundi ya bei

Bei ya umeme wa TANESCO haipangwi na TANESCO peke yao. Inaidhinishwa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Katika sura hii tunatumia bei za agizo lililoanza tarehe 1 Aprili 2016, ambalo pia lilifuta tozo ya huduma ya kila mwezi iliyokuwa ikiwaumiza wateja wadogo wa kundi la T1. Unapofanya hesabu ya nyumbani, linganisha kwanza na ujumbe wako wa karibuni.

Makundi mawili yanatosha kwa nyumba. D1 ni la makazi yanayotumia umeme kidogo, kwa wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa umeme wa njia moja wa volti 230. Uniti 75 za kwanza katika mwezi zinauzwa shilingi 100 kila moja. Zikizidi hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. T1 ni la matumizi ya kawaida: nyumba zinazotumia zaidi, maduka, mashine ndogo, taa za barabarani. Humo kila uniti ni shilingi 292, ya kwanza mpaka ya mwisho. Wakubwa zaidi, wanaozidi uniti 7,500 kwa mwezi, wana makundi yao, nasi tunawapita.

Juu ya bei hiyo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, asilimia 3 ya REA kwa ajili ya umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA. Jumla asilimia 22. Zidisha kwa 1.22:

D1 hadi uniti 75: 100 × 1.22 = shilingi 122
D1 juu ya uniti 75: 350 × 1.22 = shilingi 427
T1: 292 × 1.22 = shilingi 356.24

Bei ni moja nchi nzima. Mwananchi wa Liuli analipa sawa na wa Kinondoni. Ilikuwa hivyo hata wakati Songea na Mbinga zilipotegemea jenereta za dizeli, kabla ya njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea kukamilika mwaka 2018, ingawa gharama ya kuzalisha uniti moja kwa dizeli ilikuwa inaizidi bei hiyo kwa mbali. Hili ni swali zuri la Jiografia au Uraia kuhusu kwa nini njia ile ilijengwa.

Jambo jingine. Katika nchi kama Uingereza, mwenye pampu ya joto anaweza kuchagua mkataba ambao umeme wa usiku ni rahisi, akachemsha maji saa nane za usiku na kuyahifadhi kwenye tangi. Wewe mwenye D1 au T1 huna sababu ya kuamka. Uniti ya usiku na ya mchana ina bei moja. Kinachoamua gharama yako ni idadi ya uniti na kundi ulilomo.

Mfano 1: Niko kundi gani?

Ujumbe unasema: umelipa shilingi 10,000, umepata uniti 28.1. Gawa 10,000 kwa 28.1, unapata karibu 356. Uko T1. Angekuwa wa D1 ambaye hajanunua kitu mwezi huo, angepata uniti 75 kwa shilingi 9,150, na shilingi 850 zilizobaki zingempa 850 ÷ 427, karibu uniti 2. Jumla 77. Shilingi elfu kumi moja, uniti 28 na uniti 77.

Angalia mtego mmoja. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU kwa majengo yanayohusika. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda. Mwezi ukianza, sehemu ya fedha yako inakwenda huko kwanza. Ondoa kodi hiyo na deni lolote kabla ya kugawa, la sivyo utapata bei ya ajabu isiyo ya kundi lolote.

Mfano 2: Uniti moja ya mpakani

Nyumba ya D1 ikitumia uniti 75 inalipa 75 × 122 = shilingi 9,150. Ikitumia 80 mwezi huo inalipa 9,150 + 5 × 427 = shilingi 11,285. Imeumia kidogo. Lakini wastani wake ukizoea kuwa 80, inapoteza sifa ya D1, na ikihamishiwa T1 inalipa 80 × 356.24 = shilingi 28,499. Uniti tano za ziada zimezivuta nyingine 75 zote kwenda bei ya juu.

Chora grafu yake: mlalo uniti, wima shilingi. Mstari wa D1 unapanda taratibu mpaka 75, kisha unainuka kwa ukali. Wa T1 umenyooka kutoka sifuri. Mistari hiyo inakutana wapi? Uniti zikiwa x, weka 9,150 + 427(x − 75) = 356.24x. Ukifungua mabano, 70.76x = 22,875, na x ni karibu 323.

Tafakari jibu hilo kabla ya kuligeuza ukurasa. Kwa hesabu tupu, D1 ni nafuu mpaka uniti 323 kwa mwezi! Hata anayetumia 150 angelipa shilingi 41,175 katika D1, na 53,436 katika T1. Basi kwa nini wote tusijiandikishe D1? Kwa sababu D1 ina sharti la wastani, na bei ya 427 imewekwa kwa ajili ya mwezi ulioteleza, siyo kwa ajili ya kukaa humo. Kundi huchaguliwa kwa namna unavyoutumia umeme, miezi kwa miezi. Fomu inakuja baadaye: nyumba iliyopunguza matumizi yake kweli inaweza kwenda ofisi ya TANESCO ya wilaya kuomba irudishwe D1, na mita yenyewe ndiyo itakayotoa ushahidi.

Mfano 3: Maji ya kuoga Mbinga

Familia ya watu wanne inachemsha lita 40 kila siku, ndoo mbili, nusu ndoo kwa mtu. Maji ya bomba ni nyuzi 18, yanatakiwa nyuzi 43. Matumizi mengine ya nyumba, friji, taa, pasi, redio na simu, ni uniti 48 kwa mwezi. Joto mahususi la maji ni jouli 4,200 kwa kilo kwa nyuzi moja. Tupuuze joto linalopotea.

Joto linalohitajika kwa siku ni 40 × 4,200 × 25 = jouli 4,200,000. Gawa kwa 3,600,000, unapata uniti 1.167. Kwa siku 30 ni uniti 35.

Wakitumia koili, nyumba inafika 48 + 35 = uniti 83. Imevuka. Ikiwa hivyo kila mwezi na kuhamishiwa T1, italipa 83 × 356.24 = shilingi 29,568.

Wakitumia pampu ya joto yenye uwiano wa 3, maji yanadai 35 ÷ 3 = uniti 11.67 tu. Nyumba inatumia 59.67. Inabaki D1 na kulipa 59.67 × 122, karibu shilingi 7,280.

Tofauti ni shilingi 22,288 kwa mwezi. Sasa igawanye uone imetoka wapi, maana hapa ndipo swali la alama nyingi hujificha. Pampu imeokoa uniti 23.33. Kama bei ingebaki ile ile ya T1, hizo zingekuwa na thamani ya shilingi 8,312. Shilingi 13,976 zilizobaki hazikutokana na fizikia ya pampu. Zimetokana na kubaki chini ya mstari wa 75. Anayeangalia kifaa peke yake bila kundi la bei anaona kama theluthi moja ya faida na kukosa theluthi mbili.

Lakini pampu ya joto ya maji si kifaa cha kukikuta kwenye kila duka la Mbinga mjini, na bei yake ni ya mtu aliyejipanga. Julai ya Mbinga nayo inashusha uwiano, kwa kuwa hewa ya kufyonzwa ni baridi. Kwa hiyo usimwambie mama akanunue pampu. Mwambie jambo ambalo hesabu imelionyesha: nyumba yenye uniti 48 ina nafasi ya uniti 27 kabla ya mstari. Koili ikichemsha lita 30 badala ya 40, inatumia uniti 26.25, nyumba inafika 74.25, na inabaki D1 bila kununua kifaa chochote. Au maji yakikaa juani mchana kwenye pipa jeusi na kuanza na nyuzi 26 badala ya 18, lita zile 40 zinadai 40 × 4,200 × 17, karibu uniti 0.79 kwa siku, yaani 24 kwa mwezi. Pia inatosha.

Mfano 4: Fedha za kahawa

Huu ni mfano ambao ningependa uusome kwa sauti nyumbani. Mauzo ya kahawa yamelipwa, na mzee, kwa busara ya kujiwekea, ananunua umeme wa shilingi 100,000 kwa mara moja ili familia isihangaike mpaka msimu mwingine. Yuko D1.

Uniti 75 za kwanza: shilingi 9,150. Fedha iliyobaki, 90,850, inagawanywa kwa 427 na kutoa uniti 212.8. Jumla uniti 287.8. Bei ya wastani imekuwa shilingi 347 kwa uniti, karibu sawa na T1.

Angenunua uniti hizo hizo 287.8 kwa miezi minne, kila mwezi zisizidi 75, angelipa 287.8 × 122 = shilingi 35,112. Ametoa shilingi 64,888 zaidi kwa umeme ule ule, sababu tu aliununua mwezi mmoja. LUKU huhesabu unachonunua ndani ya mwezi, siyo unachowasha. Na ununuzi mkubwa wa namna hiyo unapandisha wastani wake mbele ya macho ya TANESCO.

Namna ya kumwambia mzee ni juu yako, wewe unamjua. Pendekezo langu ni kwamba uandike hesabu kwenye karatasi kabla fedha za kahawa hazijatoka, umwombe akukague kama umekosea. Fedha ya umeme aiweke pembeni, na kila tarehe za mwanzo za mwezi inunuliwe ya mwezi huo.

Friza ya samaki

Pwani yote ya ziwa, kutoka Lituhi kushuka hadi Mbamba Bay, friza ni mtaji. Samaki wa leo asiyegandishwa ni hasara ya kesho. Kosa la wengi ni kuichomeka friza ya biashara kwenye mita ya nyumbani. D1 ni la makazi, na friza moja ikishakula uniti 60 kwa mwezi nyumba nzima inavutwa T1. Nyumba yenye uniti 50 ikijumlisha friza hiyo inafika 110, na katika T1 ni 110 × 356.24 = shilingi 39,186. Biashara ikipewa mita yake katika T1, na nyumba ikabaki D1, gharama ni 60 × 356.24 = 21,374 kujumlisha 50 × 122 = 6,100. Jumla shilingi 27,474. Pia mfanyabiashara anajua sasa samaki wake wanamgharimu kiasi gani, jambo ambalo mita moja isingemwambia kamwe.

Maswali

1. Koili ya wati 1,500 inachemsha lita 40 za Mfano 3. Itachukua dakika ngapi?

2. Mteja wa T1 amelipa shilingi 10,000 mwanzo wa mwezi. Ikakatwa kwanza kodi ya majengo ya shilingi 1,500. Atapata uniti ngapi? Analalamika kwamba mita imemwibia. Mjibu.

3. Gharama ya kuunganisha mita ya pili ya friza ni shilingi 320,960. Kwa akiba iliyoonyeshwa hapo juu, itarudi baada ya miezi mingapi?

4. Mwanafunzi anasema: “Pampu ya joto yenye uwiano wa 3 inavunja kanuni ya uhifadhi wa nishati.” Sahihisha kwa sentensi mbili.

5. Nyumba ya Mbamba Bay iko D1, inatumia uniti 70, friji ikichukua 45 kati ya hizo. Wanataka kuongeza jiko la presha la umeme la wati 1,000 litakalotumika dakika 40 kwa siku. Je, watabaki chini ya 75? Kama sivyo, friji inatakiwa ipunguzwe kwa uniti ngapi?

Majibu

1. Uniti 1.167 ÷ kilowati 1.5 = saa 0.778, karibu dakika 47.

2. 10,000 − 1,500 = 8,500; 8,500 ÷ 356.24 = uniti 23.9. Bila kodi angepata 28.1. Mita haikuhusika, uniti 4.2 anazozitafuta ni ile shilingi 1,500.

3. Akiba ni 39,186 − 27,474 = shilingi 11,712 kwa mwezi. 320,960 ÷ 11,712 = 27.4. Inarudi katika mwezi wa 28, kama friza haijaharibika njiani.

4. Uniti 3 za joto zinazoingia kwenye maji ni uniti 1 ya umeme pamoja na uniti 2 za joto lililokuwapo hewani. Pampu imezihamisha uniti 2, haikuziumba.

5. Kilowati 1 × saa 0.667 × 30 = uniti 20. Nyumba itafika 90, haitabaki. Friji itatakiwa ipunguze uniti 15 kati ya 45, ambayo ni theluthi nzima. Kusogeza friji mbali na jiko na kubadili raba ya mlango iliyochoka kunasaidia, lakini theluthi ni nyingi. Wakilitumia jiko hilo kwa maharage peke yake, dakika 40 mara mbili kwa wiki, ni takriban mara 8 hadi 9 kwa mwezi, uniti 5 hadi 6. Hapo friji inatakiwa kupunguza uniti moja tu.